"Wewe" na "Ninyi" katika Lugha za Masasi

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja pamoja na watu waliokombolewa utumwani, wakashuka Lindi, wakapanda bara hata Masasi, wakajenga. Lugha waliyokuja nayo ilikuwa Kiswahili, na katika Kiswahili cha pwani mtu mmoja ni "wewe", awe mtoto au mzee. Heshima huonekana katika salamu, na katika kumwita "bwana" au "mama". Lakini majirani wao wapya, Wayao na Wamakua, huweka heshima ndani ya neno lenyewe.

Kwa Kiyao, "mimi" ni une, na "wewe" ni ugwe. Ugwe ni neno la kumwambia mtoto au rika. Mzee huambiwa mmwe, yaani "ninyi", ajapokuwa peke yake barazani. Wamakua nao ni vivyo hivyo: weyo kwa mdogo, nyuwo kwa mkubwa. Mgeni wa kutoka pwani huona weyo ni rahisi, kwa kuwa lafanana na "wewe". Basi hulitamka upesi mbele ya mkwe au jumbe, na wote waliopo huinama kimya. Hakutukana kwa kusudi, lakini amemfanya mzee kuwa mtoto.

Padre Chauncy Maples alifika Masasi mwaka 1877, na mwaka 1879 kitabu chake cha kuongoza wajifunzao Kimakua kilikuwa kimekwisha kupigwa chapa. Kazi ya miaka miwili! Nasi twadhani ajifunzaye Kimakua kwa kutumia Kiswahili ana taabu nyingine tena, nayo ni ki-. Mmakua akisema kinrowa, maana yake "ninakwenda". Mswahili asikiapo ki- hutafuta kitu: kisu, kikapu au kiti, kumbe anayekwenda ni mtu mwenyewe asemaye.

Ukipanda Newala kwa Wamakonde, mtego ni mwingine. "Mimi" ni nangu, "wewe" ni wako, "sisi" ni hwetu, "ninyi" ni mwenu. Tazama jinsi maneno haya yanavyofanana na yale ya Kiswahili ya kutaja mwenye mali! Mgeni akisikia wako hungoja atajiwe mtu wake au mti wake, na Mmakonde amekwisha kunyamaza, kwa maana alikuwa akimwita yeye tu.

Basi Kiswahili chenyewe hakikukaa kusini bila kubadilika. Watu wa kwetu walikipokea, wakakitia heshima yao. Hata leo utasikia mtoto akisema, "Baba wamekuja," naye baba yake ni mmoja. Mtu wa Unguja hucheka, huuliza ni baba wangapi. Mtoto hushangaa kuulizwa hivyo, kwa kuwa nyumbani kwao asemaye "Baba amekuja" ndiye agombezwaye na bibi yake.