Gari likiharibika Galu: Jinsi ya kudai gharama za matengenezo kutoka kwa kampuni ya bima

Mwenye kuegesha gari chini ya mnazi katika ufuo wa Galu, kusini mwa Diani katika Kaunti ya Kwale, hujiweka katika hatari ya hasara mbili. Ya kwanza ni nazi kuanguka na kubonyeza boneti au kupasua kioo cha mbele. Ya pili, ambayo aghalabu huwa kubwa zaidi, ni kugundua kwamba bima aliyoilipia haihusu matengenezo ya gari lake, au kwamba ameitia doa haki yake mwenyewe kwa kumwita fundi kabla ya kuiarifu kampuni.

Madai mengi ya aina hii huamuliwa na mambo mawili: maneno yaliyomo katika mkataba na hatua ambazo mwenye gari huchukua kabla ya gari kuguswa na fundi.

Bima ipi hulipia matengenezo?

Sheria ya Kenya kuhusu bima ya magari, Sura ya 405, humlazimu kila mwenye gari linalotumika barabarani kuwa na bima dhidi ya kifo au majeraha ya watu wengine. Marekebisho yaliyofanywa mwaka 2006 yaliweka kikomo cha Sh3 milioni kwa kila mtu. Sheria hiyo haimlazimishi mtu kulikatia bima gari lake mwenyewe dhidi ya uharibifu. Hata uharibifu wa mali ya watu wengine hutegemea yaliyokubaliwa katika mkataba. Kwa hivyo, mwenye bima ya mtu wa tatu pekee akiangukiwa na nazi hana pa kudai.

Bima kamili ndiyo hulipia uharibifu wa gari la mteja unaotokana na ajali, moto au wizi. Nazi iliyoanguka ghafla ni ajali. Kutu iliyoletwa na hewa ya chumvi ya pwani si ajali, bali ni uchakavu, na mikataba huuondoa waziwazi. Vivyo hivyo springi zilizokatika kidogo kidogo kwa sababu ya kupita kila siku katika njia za mawe. Anayeteremsha gari mchangani likakutwa na maji kujaa naye ajiandae kwa mvutano, kwani mikataba humtaka mteja achukue tahadhari ya kawaida kulinda mali yake.

Matumizi ya gari nayo huangaliwa. Gari lililokatiwa bima ya matumizi ya kibinafsi likipata ajali huku limebeba watalii kwa malipo kutoka uwanja wa ndege wa Ukunda, kampuni ina sababu ya kukataa dai. Wanaovuka mpaka wa Lunga Lunga kuelekea Tanga pia wakumbuke kwamba Kadi ya Manjano ya COMESA hushughulikia madhara waliyopata watu wengine, wala si matengenezo ya gari la msafiri. Kwa hayo ya pili, yampasa mteja aombe mkataba wake upanuliwe kabla ya safari.

Saa za mwanzo

Kifungu cha 73 cha Sheria ya Trafiki humtaka dereva aliyehusika katika ajali asimame na kutoa jina, anwani na nambari ya gari. Asipofanya hivyo, sharti aripoti kwa polisi mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote kabla ya saa 24 kupita. Hata pale sheria isipomlazimu, mwenye gari huhitaji kuripoti ili apewe hati ya polisi, maarufu kama abstrakti, ambayo kampuni za bima huidai katika ajali za barabarani na wizi.

Papo hapo, mwenye gari apige picha za gari kutoka kila upande, za mahali lilipo na za gari la pili ikiwa lipo. Achukue nambari za usajili, majina ya mashahidi na cheti cha bima cha mwenzake. Asikiri makosa wala kuahidi malipo, kwa sababu mikataba mingi humkataza mteja kufanya hivyo bila idhini ya kampuni.

Kisha ampigie simu wakala, dalali wa bima au kampuni yenyewe, na afuatishe taarifa hiyo kwa maandishi. Muda wa kuarifu umo katika mkataba, na kuchelewa ni mojawapo ya sababu rahisi za dai kukataliwa. Katika fomu ya madai, aeleze lililotokea bila kupamba. Dereva aliyemkwepa mbega akagonga mnazi aandike hivyo hivyo. Fomu huambatanishwa na leseni ya dereva, nakala ya kitabu cha gari na hati ya polisi.

Mtathmini na gereji

Kosa linalowagharimu wengi ni kulitengeneza gari kabla halijakaguliwa. Kampuni humtuma mtathmini, ambaye kisheria hupaswa kuwa amesajiliwa na Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, achunguze uharibifu na kukadiria gharama. Kazi huanza baada ya kampuni kutoa idhini kwa maandishi. Linaloruhusiwa kabla ya hapo ni kulilinda gari lisiharibike zaidi, mathalani kulivuta hadi mahali salama au kufunika kioo kilichopasuka. Risiti za kazi hiyo zihifadhiwe.

Mkazi wa Galu huenda akaelekezwa kwenye gereji iliyo katika orodha ya kampuni huko Mombasa. Aulize mapema nani atalipia kulivuta gari, na kwa kiwango gani. Barabara ya Dongo Kundu, inayounganisha Miritini na Ng'ombeni, huliwezesha gari lililoharibika kufika upande wa pili bila kupitia kivuko cha Likoni. Akipendelea gereji ya Ukunda, aombe kibali kwanza.

Hesabu ya malipo

Bima hulenga kumrejesha mteja alipokuwa kabla ya hasara, wala si kumpa faida. Kwanza, kuna sehemu ya hasara ambayo mteja hujilipia katika kila dai. Pili, vipuri vipya vikichukua nafasi ya vilivyochakaa, huenda akatakiwa kuchangia. Tatu, kuna adhabu ya kukata bima ya thamani pungufu, pale mkataba unapokuwa na kifungu hicho.

Tuchukue gari la thamani ya Sh1 milioni lililokatiwa bima ya Sh600,000. Hasara ikiwa Sh200,000, kampuni hulipa sehemu sita kwa kumi, yaani Sh120,000. Ikiondolewa sehemu ya mteja ya, tuseme, Sh15,000, husalia Sh105,000. Mwenye gari atatafuta Sh95,000 mwenyewe, ingawa alidhani ana bima kamili.

Gharama za matengenezo zikizidi kiwango kilichowekwa katika mkataba, gari huhesabiwa kuwa limeharibika kabisa, na mteja hulipwa thamani yake ya sokoni kabla ya ajali.

Gari linapokamilika, mteja alikague kwa mwanga wa mchana na kuliendesha kabla ya kutia saini hati ya kuridhika. Saini hiyo ikishawekwa, ni vigumu kulalamikia rangi isiyolingana au mlango usiofunga.

Mzozo ukizuka

Dai likikataliwa, mteja aombe sababu kwa maandishi, pamoja na kifungu cha mkataba kilichotumiwa. Asiporidhika, apeleke malalamiko kwa IRA, iliyoanza kazi Mei 2007. Anayemdai dereva aliyemgonga anaweza kwenda katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiza kesi zisizozidi Sh1 milioni na hutakiwa kuamua katika siku 60.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Nakala za kila fomu, barua na risiti zihifadhiwe, na majina ya maafisa waliopokea simu yaandikwe pamoja na tarehe.

Kabla ya yote hayo, mnunuzi wa bima ahakikishe kwamba kampuni ina leseni ya mwaka husika. United iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011 na Resolution mwaka 2022, na wateja wao wakabaki na madai mikononi. IRA huchapisha orodha ya kampuni zilizoidhinishwa.