Wale Ambao Carothers Hakuwahesabu

Nikienda kliniki Mathari sisemi Mathari. Namwambia konda nashuka Muthaiga, halafu namalizia kwa miguu, kofia nimeivuta hadi kwa nyusi. Ukiishi Nairobi unajua kwa nini. "Kwani umetoka Mathari?" ni tusi tulilojifunza shule ya msingi, kabla hata ya kujua hospitali yenyewe iko barabara gani. Mimi sikuletwa na polisi. Sikutembea uchi barabarani wala kumrushia mtu mawe. Nilinyamaza tu. Na Mwafrika aliyenyamaza tu, kwa miaka mingi, vitabuni mwa madaktari wa hiyo hospitali ni kama hakuwepo.

Ilianzishwa 1910, mahali palipokuwa pakitumika kuwatenga wagonjwa wa ndui. Waingereza waliiita Nairobi Lunatic Asylum, jina ambalo halifichi kitu, na 1924 wakaligeuza likawa Mathari Mental Hospital. Ndani watu waligawanywa kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Miaka ya 1930 daktari mmoja wa hapo, H. L. Gordon, alikuwa akihubiri kwamba ubongo wa Mwafrika ni duni, akiegemea vipimo vya mwenzake F. W. Vint aliyepima bongo za maiti. Hao napita haraka. Ujinga wao uko wazi, na hata wakati huo ulizua ubishi.

Anayenisumbua ni John Colin Carothers, kwa sababu yeye alisikika kama mtu mwenye busara. Alisimamia Mathari kuanzia 1938 hadi 1950. Alikuwa daktari wa kawaida wa serikali ya kikoloni. Alipokabidhiwa hospitali hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani, si gazeti la uchochoroni, likachapisha kitabu chake, The African Mind in Health and Disease. Humo alimfananisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukata sehemu ya mbele ya ubongo. Na dipresheni je? Kwa Waafrika ni nadra, alisema. Ati hatuna ile hisia ya uwajibikaji inayomfanya mtu ajihukumu mpaka augue.

Niliposoma hayo nilikuwa kitandani, siku ya nne bila kuoga, najilaumu kwa kila kitu kuanzia kodi ya nyumba hadi mvua. Nilicheka, manze. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka wiki hiyo.

Sasa angalia hesabu yake. Alihesabu nani? Waliolazwa Mathari. Na Mwafrika alifikaje Mathari siku hizo? Mara nyingi kwa mkono wa polisi, au kutoka kortini, au jela. Ili ufike huko ilibidi kwanza umsumbue mtu: upige kelele sokoni, uchome nyumba, uingie shamba la mzungu. Mama aliyekaa jikoni miezi mitatu akiangalia moto bila kupika hakumsumbua DC. Hakuna askari aliyetumwa kumleta. Carothers alisimama mlangoni, akaona wenye kelele tu ndio wanaingia, akaandika kwamba wenye huzuni hawapo. Frantz Fanon, naye daktari wa akili aliyefanya kazi Algeria, alimshambulia kwa jina katika kitabu chake cha 1961. Lakini kitabu cha Carothers kilikuwa kishasomwa na wakubwa.

Na huo mlango wa polisi haukufungwa mkoloni alipoondoka. Kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kiliendelea kumfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Unatolewa hospitalini, unapelekwa seli. Ilikuwa Januari 2025, juzi tu, ndipo Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba.

Watu huniuliza inakuwaje. Wanatarajia niseme nalia. Silii. Kulia kungekuwa afadhali. Asubuhi macho yanafunguka na mwili unabaki chini, kama gunia lililonyeshewa. Naangalia kikombe cha chai mezani, kimefanya utando juu, na najua nahitaji kukiosha, na hiyo safari ya hatua nne hadi sinki ni kama umeniambia nitembee hadi Naivasha. Simu inaita. Ni mtu ninayempenda. Naitazama mpaka inyamaze, halafu namwandikia, "Sori, nilikuwa bize." Kwa grupu wanatuma vichekesho, nami naweka ile sura ya kucheka hadi machozi, uso wangu umekauka. Chakula kina ladha ya karatasi. Na saa tisa usiku, wakati mji umetulia, akili ndiyo inaamka kufanya kesi, na mimi ndiye mshtakiwa, shahidi na hakimu.

Kabla ya kufika Mathari nilizunguka zahanati za mtaa karibu mwaka mzima. Nilipimwa malaria. Nilitibiwa taifodi mara mbili. Nikapewa dawa za vidonda vya tumbo. Siwalaumu sana, kwa sababu nilichowaambia ni kwamba kichwa kinauma, mgongo unauma, sina nguvu. Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nayo. Hata leo hatujakubaliana jina: wengine husema sonona, wengine unyogovu, wengi wetu tunasema "niko na stresi" na tunaachia hapo.

Mwaka wa 1979 madaktari wawili, David Ndetei na Muhangi, walichapisha utafiti kuhusu wagonjwa wa kawaida waliokuja wenyewe kutibiwa katika kliniki moja ya mashambani hapa Kenya. Hawakukaa Mathari kungoja kuletewa watu. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa na ugonjwa wa akili, hasa wasiwasi na dipresheni, na walikuwa wamekuja kulalamikia mwili. Kichwa. Mgongo. Kukosa nguvu.

Nilimsomea mathe hiyo kwa simu. Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kunieleza kuhusu shosho.

Shosho alikuwa msichana wakati wa Emajensi. Alihamishwa kwa nguvu hadi kwenye kile kijiji cha handaki na miti iliyochongwa, kama watu wengine zaidi ya milioni moja wa Kati. Carothers anaingia hapo tena: 1954 serikali ilimpa kazi ya kueleza akili ya Mau Mau, na ripoti yake iliunga mkono hivyo vijiji.

Mathe anasema miaka ya sabini, yeye akiwa mtoto, kuna majira shosho alikuwa akigeukia ukuta. Wiki mbili, wakati mwingine tatu. Watoto walipika wenyewe. Majirani walikuja na uji, wakauliza ana nini, na jibu la nyumbani lilikuwa ni mwili tu, mwili unamuuma.

"Hakuna aliyempeleka hospitali?" nikauliza.

"Angepelekwa aseme nini?" mathe akasema. "Na wewe ulipogeukia ukuta, mbona hukuniambia?"