Shanga za udongo badala ya gamba la ng'amba

Katika visiwa vya Wabajuni, kama Koyama, Chovai na Chula, na pwani ya Kismayu, gamba la ng'amba liliuzwa tangu zamani kwa kutengenezea mapambo. Leo kasa huyu yuko hatarini kutoweka, na mkataba wa CITES unapiga marufuku biashara ya gamba lake kati ya nchi na nchi. Nyumbani unaweza kutumia udongo usiohitaji tanuri.

Changanya wanga wa mahindi (si unga wa ugali) na gundi nyeupe ya mbao kwa vipimo sawa, ongeza matone ya mafuta, kisha kanda hadi usinate. Finyanga shanga, toboa kwa sindano, anika kivulini siku 2 hadi 3 ukizigeuza. Zipake vanishi, kwani zikilowa hulainika. Watoto wadogo wasizichezee, wanaweza kuzimeza.