Uyoga na majina yake: elimu ya porini katika mji wa Kindu

Ukiuliza ku soko, hapa Kasuku, ni nini kile kilichofungwa katika majani ya mangongo, utajibiwa neno moja: uyoga. Uwe mdogo kama kifungo cha shati ao mpana kama sahani, uwe wa gogo ao wa kichuguu, katika Kiswahili chetu cha kila siku wote ni uyoga tu. Lakini umuulize yule mama katika lugha ya kwao, Kirega, Kisongola, Kikusu ao Kizimba, atakupa jina lingine kwa kila aina. Ndugu msomaji, tofauti hiyo si ndogo. Katika majina yale njo wazee waliweka elimu ya kutenganisha chakula na sumu, na sisi watoto wa mji tumebakia na neno moja.

Historia inaeleza namna ilivyokuwa. Kiswahili kilifika Maniema katika miaka ya 1860 pamoja na wafanyabiashara wa Zanzibar na pwani, wakafanya Nyangwe na Kasongo kuwa miji yao. Livingstone alipofika Nyangwe mwaka wa 1871, soko lilikuwa limekwisha kuwa kubwa. Kisha vita vya 1892 mpaka 1894 viliwaondoa Waarabu na kuwaweka Wabelgiji. Kindu yetu ilikua pamoja na reli: njia ya Kindu mpaka Kongolo ilimalizika mwaka wa 1910. Watu wa makabila mingi wakakaa pamoja, na lugha ya kazi na ya soko ikawa Kiswahili. Lugha ya soko inataka bei. Jina la kila kitu cha pori, hiyo haina haja nayo.

Sasa, yale majina ya nyumbani yalishika nini? Mara mingi yalishika pahali. Mutu wa mji anaanza kuangalia rangi, na rangi inadanganya, sababu mvua inaifua na jua linaichoma. Mutu wa pori anaanza kuuliza: umeota juu ya nini?

Tuchukue ule wa kichuguu, ambao kwangu unapita nyama. Mchwa ni mkulima. Anabeba majani makavu na vipande vya miti, anavitafuna, anavijenga chini ya udongo kama sega la nyuki, na juu ya sega hilo anaotesha uyoga wake. Wataalamu wanahesabu kwamba kazi hiyo ilianza hapa Afrika yapata miaka milioni 30 iliyopita. Mvua zikirudi, uyoga unapanda kutoka kule chini. Njo sababu ukichimba polepole unakuta mguu wake unaendelea kama mzizi mrefu mpaka ku nyumba ya mchwa, na katikati ya kofia iko ncha ngumu, ile iliyotoboa udongo. Mfaransa Roger Heim aliupa ukoo huo jina la Termitomyces mwaka wa 1942. Kumbe wamama wetu walikuwa wanaulizia vichuguu mbele ya Heim kuzaliwa.

Wa gogo una shida kidogo: ile laini kama sikio la mutu, yenye kuvutika, haifanani na vingi. Hatari kubwa iko ku ule wa udongo mtupu na wa majani mafupi. Kuko mmoja mweupe, mkubwa, wenye magamba ya kahawia juu ya kofia na pete ku mguu, unaota karibu na nyumba, unafanana na chakula kizuri, na kumbe unatapisha vibaya sana. Wataalamu wanauita Chlorophyllum molybdites. Kata kofia yake, iweke juu ya karatasi nyeupe, funika na bakuli usiku kucha: asubuhi unga wake ni wa kijani. Unga wa ule wa kichuguu ni wa rangi ya waridi hafifu.

Vitabu viko. Mwaka wa 1935 Mbelgiji Beeli alianza kutoa kitabu cha picha za uyoga wa Kongo, akisaidiwa na michoro ya Mama Goossens-Fontana aliyeuchuma na kuuchora huku kwetu. Mwaka wa 2011 kilitoka kimoja juu ya uyoga unaoliwa wa misitu minene ya Afrika ya kati, na 2017 kingine cha Haut-Katanga. Ni vizuri, lakini ni vya Kifaransa, na pori la Katanga si letu. Hata ndani ya Maniema kaskazini ni msitu na kusini ni mbuga. Vita vya 1998 mpaka 2003 vilihamisha watu mingi, na mutu aliyehama anabeba macho ya pori la kwao. Ujerumani, mwaka wa 2015, wakimbizi wa Syria walichuma uyoga waliodhani ni ule wa nyumbani; wamoja wakafa.

Sumu hiyo ya Ulaya ni ya hila. Mutu anakula vizuri, analala. Kutapika na kuharisha kunaanza kisha saa sita ao zaidi, halafu anapata nafuu, na wakati huo ini linaharibika. Kupika hakuiondoi. Wala usisadiki wanaosema kwamba uyoga ulioliwa na wadudu ni salama, ao kwamba kitunguu kikibadilika rangi ndani ya sufuria njo kuna sumu. Konokono anakula vitu vyenye kuua mutu.

Kwa hiyo anayeanza asiulize mama muzaji, «Unaliwa?» Aulize: «Mama, huu kwenu munauitaje? Unaota wapi, na mvua gani?» Msimu wa kwanza ajifunze ule wa kichuguu tu, achimbe mpaka aone mzizi, na vingine vyote aviache pale vilipo.