Kumi na nne ya nini?

Septemba 1950 jarida la British Medical Journal lilichapisha jedwali la watafiti Richard Doll na Austin Bradford Hill. Walikuwa wamekusanya mahojiano ya wanaume 649 wenye saratani ya mapafu, waliolazwa katika hospitali za London. Wasiovuta sigara miongoni mwao walikuwa 2 tu. Katika wanaume wengine 649, waliolazwa kwa maradhi mengine, wasiovuta walikuwa 27.

Swali la daktari lilikuwa: mvutaji yumo hatarini mara ngapi kuliko asiyevuta? Hapo jedwali lilikwama. Wagonjwa wa saratani walikuwa nusu ya wahojiwa kwa sababu watafiti ndio waliopanga hivyo. Ukilisoma kijuujuu, utasema zaidi ya nusu ya wavutaji wana saratani ya mapafu, na huo ni upuuzi mtupu.

Kilichowezekana ni uwiano wa odi. Upande wa saratani, odi ni wavutaji 647 kwa wasiovuta 2. Upande wa pili, 622 kwa 27. Gawanya odi ya kwanza kwa ya pili, unapata takriban 14. Lakini 14 ya nini?

Aliyejibu, mwaka 1951, ni Jerome Cornfield wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, mtakwimu ambaye shahada yake ilikuwa ya historia. Alionyesha kwamba ugonjwa ukiwa adimu, wasiougua ni karibu sawa na watu wote, hivyo uwiano wa odi hukaribia sana uwiano wa hatari yenyewe. Kwa saratani ya mapafu, basi, 14 ilisomeka kama hatari mara 14 hivi. Naiona hesabu hii kuwa kubwa kuliko sifa inazopewa: bila hiyo, ingebidi kuwafuatilia watu wenye afya kwa miaka mingi kabla ya kusema lolote.

Sharti la uadimu ndilo husahaulika. Mwaka 1999 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa utafiti kuhusu madaktari na wagonjwa wa kuigizwa wenye maumivu ya kifua: wazungu asilimia 90.6 walipendekezewa kipimo cha moyo, weusi asilimia 84.7. Uwiano wa odi ulikuwa 0.6, na vyombo vya habari vikatangaza kwamba nafasi ya weusi ilipungua kwa asilimia 40. Kupendekezewa kipimo hakukuwa jambo adimu hata kidogo. Upungufu halisi wa nafasi hiyo ulikuwa kama asilimia 7. Miezi michache baadaye jarida hilohilo likachapisha makala ya kusahihisha usomaji huo.