Filimbi niliyopuliza Mlali: sheria za basketi tunazozikosea zimetoka wapi?

Wadau, leo naanza na kosa langu mwenyewe.

Likizo moja ya Juni niliitwa Mlali kwenda kuchezesha basketi ya madogo. Mlali hamna mbali na Moro mjini: unashika barabara ya Iringa, unakata kuingia njia ya Mgeta, milima ya Uluguru inakukalia mbele ya macho na malori ya kabichi yanapishana na wewe. Kiwanja ni udongo ulioshindiliwa, nguzo mbili za chuma, mbao za kuchakaa, na mistari ya chokaa inayofutika kila upepo ukivuma. Waliniita kwa sababu moja tu: kitaani najulikana kama mtu wa NBA. Siachi mechi, hata iwe saa kumi usiku, bando ndo linajua.

Mechi ya mwisho, watoto wa chini ya miaka 14. Timu moja iko nyuma kwa pointi moja, zimebaki sekunde chache. Dogo mmoja, mwembamba, viatu vya kuazima, akarusha. Mpira ukafia njiani, haukugusa ringi wala ubao. Yeye mwenyewe akaukimbilia, akaudaka kabla haujatua, akauweka ndani. Uwanja mzima ukalipuka.

Nikapuliza filimbi. Kikapu hakuna. Huwezi kurusha halafu ukadaka mwenyewe mpira ambao haujagusa kitu.

Dogo akaniangalia. "Kaka, lakini nilirusha. Sikujipasia."

Nikamjibu kama mkubwa: "Sheria ni sheria, dogo."

Wakafungwa kwa pointi moja. Yule mtoto alivua vile viatu, akamrudishia mwenzake, akaondoka peku bila kusubiri soda. Usiku, nikiwa nimerudi mjini, nikafungua kitabu cha sheria cha FIBA, ambacho ndicho kinatumika kwa mashindano ya hapa kwetu. Kumbe dogo alikuwa sahihi. Kwa FIBA, ukirusha kwa nia ya kufunga na mpira usiguse kitu, ruhusa kuudaka na kurusha tena. Anayekatazwa ni mchezaji wa NBA.

Yaani nilimnyima mtoto wa Mlali kikapu halali kwa sheria ya Marekani.

Toka siku hiyo nimekuwa nafuatilia: hizi sheria tunazozipigia kelele na hazipo, nani alituletea? Jibu lilinishangaza. Nyingi hazikuzushwa. Zilikuwa sheria kweli, ila za zamani, au za mchezo wa jirani, au za ligi nyingine.

Ilianza na karatasi mbili ukutani

Desemba 1891, mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts. James Naismith, mwalimu wa michezo kutoka Kanada, kapewa darasa la wanaume 18 waliochoshwa na mazoezi ya ndani wakati wa baridi. Akaandika sheria 13. Akamwomba mtunza jengo maboksi mawili. Hayakuwepo, akapewa vikapu viwili vya pichi, matunda yaleyale yanayoshuka kutoka Mgeta msimu wake ukifika. Akavipigilia kwenye ukingo wa roshani ya ukumbi. Ukingo ulikuwa futi 10 kutoka chini, yaani mita 3.05. Hakuna aliyekaa akapiga hesabu. Urefu wa ringi ambao dunia nzima inauheshimu mpaka leo ulipangwa na fundi wa lile jengo.

Hapa ndo pa kukumbuka kwa ajili ya madogo. Watoto wa chini ya miaka 12 wana kanuni zao za basketi ndogo, na FIBA imeweka ringi yao mita 2.60 na mpira namba 5. Sasa nenda viwanja vyetu uone mtoto wa miaka tisa anavyohangaika na mpira wa wakubwa kwenye ringi ya wakubwa, halafu kocha anasema "hana nguvu". Tunamdai mtoto kitu ambacho hata sheria haimdai.

Mechi ya kwanza ilichezwa watu tisa kwa tisa, kwa mpira wa miguu, na ikaisha 1 kwa 0. Kabla haijaanza, Naismith alibandika zile karatasi mbili za sheria kwenye ubao wa matangazo wachezaji wazisome. Shika hilo, nitalirudia.

"Umetembea!"

Hii ndo kelele namba moja. Mtoto anadaka pasi akiwa kwenye mbio, anapiga hatua mbili, anaweka. Nje ya uwanja watu kumi wanapayuka: katembea!

Sheria ya 3 ya Naismith ilikataza kabisa kukimbia na mpira. Ulipodaka ndipo ulipotakiwa kurushia. Kudunda mpira huku unakwenda hakukuwepo kwenye zile sheria 13. Wachezaji wenyewe walikuja kugundua kwamba ukijirushia chini unaweza kujinasua. Mwanzoni mwa karne iliyopita, kuna miaka aliyedunda hakuruhusiwa hata kurusha golini.

Ila hata ile sheria kali ya 1891 ilikuwa na huruma ndani yake: ilisema anayedaka akiwa kwenye kasi afikiriwe. Mtu hawezi kusimama ghafla kama nguzo. Huruma hiyo imekuja kuandikwa vizuri zaidi mwaka 2017, FIBA ilipoweka wazi kwamba mchezaji aliyeko kwenye mwendo anadaka mpira, mguu ulioko chini wakati huo hauhesabiwi, kisha ana hatua mbili. Jicho lisilojua linahesabu tatu. Sheria inahesabu mbili.

Sasa kwa nini kwetu watu wanakuwa wakali hivi kwenye hatua? Hapo inabidi tumwongelee dada yake basketi.

Netiboli imo ndani ya vichwa vyetu

Shuleni wengi wetu tuliona mpira wa pete kabla ya mpira wa kikapu. Na mara nyingi mwalimu anayejua filimbi ni mwalimu wa netiboli. Kule ukishatua na mpira mkononi, mguu wa kwanza ukiunyanyua haurudi chini mpaka mpira umeutoa. Hatua mbili za basketi kwa jicho la netiboli ni wizi wa mchana. Na kule pia ukirusha, mpira usipogusa goli, huruhusiwi kuudaka mwenyewe. Kwa hiyo siku ile Mlali hata mwalimu aliyekaa pembeni alinikubalia kwa kichwa. Tulikuwa wawili, kila mtu na kitabu chake cha kichwani, na vyote si cha mchezo ule.

Lakini ukichimba, michezo hii ni ya tumbo moja. Mwaka 1893 mwalimu Senda Berenson, wa chuo cha wasichana cha Smith hukohuko Massachusetts, aliwachezesha wasichana wake basketi kwa sheria alizolainisha: uwanja kagawa sehemu tatu, kila mtu na eneo lake, marufuku kumpokonya mwenzako mpira, marufuku kuushika zaidi ya sekunde tatu. Basketi ya wasichana ikavuka bahari mpaka Uingereza, ikageuka netiboli, na Waingereza wakaisambaza kwenye makoloni yao. Australia waliendelea kuiita "basketi ya wanawake" mpaka mwaka 1970. Hata ringi ni ileile ya mita 3.05, ule ukingo wa roshani.

Na kuna kisa ambacho Naismith mwenyewe alikisimulia. Mwalimu Clara Baer wa New Orleans alimwandikia akiomba sheria. Naismith akamtumia, pamoja na mchoro wa uwanja wenye mistari ya kuonyesha mchezaji gani anafaa kukaa wapi. Ulikuwa ushauri tu. Baer akaelewa kwamba ni mipaka, ukiivuka ni kosa. Mwaka 1895 akachapisha sheria zake na mipaka ikiwa ndani, na wasichana wakacheza hivyo.

Umeona? Mtu kaelewa vibaya mchoro mmoja, na kosa likawa sheria. Tofauti ya Baer na mimi ni kwamba yeye aliandika, wachezaji wake wote wakajua wanacheza nini. Mimi yangu niliitoa mfukoni sekunde za mwisho.

Sekunde tatu, mpira wa kushikana, na beki kusimama kama mwembe

Tupite haraka hizi tatu, maana zinaharibu mechi za vijana kila wikiendi.

Sekunde tatu ndani ya eneo la chini ya goli zinamhusu anayeshambulia peke yake, tena timu yake ikiwa na mpira. Mpira ukisharushwa golini, hesabu imekufa; watu wanagombea ribaundi hata sekunde kumi. Beki kwa FIBA hahesabiwi kabisa. Sheria ya sekunde tatu za beki ni ya NBA, ilianza msimu wa 2001. Na ukikuta uwanja wa zamani wenye eneo lililopanuka kuelekea chini ya goli kama sketi, ujue ile ndo FIBA ya toka 1956 mpaka 2010. Rangi haijafutika, na fikra za waliochezea pale nazo hazijafutika.

Mpira wa kushikana: wawili wameng'ang'ania, watu wanataka refa arushe juu wagombee. Ndivyo ilivyokuwa zamani, na NBA bado wanarusha. FIBA waliacha toka 2003. Kuna mshale mezani, timu zinapokezana. Ukikuta kocha wa makamo anabishana na kijana wa mezani, wote wanasema kweli, ila za miaka tofauti.

Beki sasa. Mtaani tunaamini ili mshambuliaji apigiwe faulo ya kumgonga beki, lazima beki awe amesimama hapumui. Hapana. Beki akishamkabili mtu wake uso kwa uso na miguu yote miwili ikiwa imekanyaga chini, ana haki ya kusogea pembeni au kurudi nyuma kumfuata. Akigongwa kifuani, ni haki yake. Madogo wengi wanaacha kukaba kwa miguu kwa sababu waliambiwa wakisogea tu ni faulo.

Kiwanja cha tope nacho ni kiwanja

Kuna watu watasema sheria hizi ni za viwanja vya mbao, si vya udongo wa Mlali. Waambie kuhusu Berlin 1936. Ile ndo mara ya kwanza basketi kuwa mchezo kamili wa Olimpiki, na Naismith alikuwepo. Fainali ilichezwa nje, kwenye viwanja vya tenisi vya udongo, mvua inamwagika. Mpira ulikuwa haudundi, unazama kwenye tope. Marekani waliifunga Kanada 19 kwa 8. Hiyo ni fainali ya Olimpiki, jumla pointi 27, na sheria zilifuatwa zilezile.

Udongo si kisingizio. Na vipaji vinatoka kokote. Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar, alianza kucheza akiwa na miaka 15 hivi, na mwaka 2009 akachaguliwa namba mbili kuingia NBA. Namfikiria mtoto anayeanza vizuri halafu mtu mwenye filimbi anamwambia kitu sahihi alichofanya ni kosa. Wangapi wameondoka peku kama yule?

Nilirudi

Likizo iliyofuata nilirudi Mlali. Safari hii nilienda na karatasi mbili, kwa Kiswahili, sheria kumi tu, zile tunazogombania zaidi. Nikazibandika kwenye mlango wa darasa karibu na uwanja, tukasoma pamoja kabla ya mpira kurushwa: wachezaji, mwalimu wa netiboli, wazee waliokuja kuangalia. Mwalimu ndiye aliyeuliza maswali mengi kuliko wote, na mwisho akasema yeye atapuliza filimbi ya pili.

Yule dogo alikuwepo, kaongezeka urefu. Nilimwita pembeni nikamwambia, "Kile kikapu kilikuwa halali. Nilikosea mimi." Alikaa kimya kidogo, akauliza, "Sasa matokeo yanabadilika?"

Nikamwambia hapana.

Akasema, "Haya, kaka," akarudi kupasha. Sikujua niongeze nini.

Karatasi halisi za Naismith ziliuzwa kwenye mnada mwaka 2010 kwa zaidi ya dola milioni 4.3. Zangu nilichapisha stesheni kwa hela ya vocha, na nilipopita juzi zilikuwa bado zipo mlangoni, pembe moja imechanika.

Wewe je, umewahi kunyimwa kikapu halali, au ndo wewe ulipuliza filimbi? Shusha hapo chini. Na kama una mdogo wako anacheza, muulize anachezea kitabu gani.