Lahani za Lazima: Chimbuko la Hazina ya Mandolini katika Muziki wa Blugrasi

Muziki wa blugrasi, uliokomaa kusini mwa Marekani katika miaka ya 1940 na kupata jina lake kutokana na kundi la Bill Monroe lililoitwa Blue Grass Boys, haukuwahi kuwa na chuo cha kuupangia masomo wala baraza la kuidhinisha lahani ambazo mwanagenzi wa mandolini hana budi kuzijua. Hata hivyo, wapigaji wa Tennessee, wa California na hata wa Ulaya, wakiulizwa mwanagenzi aanzie wapi, hutaja majina yanayokaribiana mno: Soldier's Joy, Old Joe Clark, Sally Goodin, Salt Creek, Blackberry Blossom, kisha Raw Hide, Roanoke na Jerusalem Ridge. Lahani, kwa maana inayotumika hapa, ni kipande cha muziki wa ala kinachojitosheleza bila maneno, chenye umbo linalotambulika hata kinapopita katika mikono tofauti. Orodha hiyo huonekana kama mapendekezo ya walimu, lakini kwa hakika ni masalia ya historia, kwa kuwa kila jina lililomo liliachwa na zama fulani, na anayechagua lahani za kujifunza huchagua pia, ajue asijue, sehemu ya historia hiyo atakayoibeba mikononi.

Mandolini yenyewe haikuzaliwa katika vilima vya Kentucky. Ilitoka Italia, hasa Naples, ikiwa na mgongo uliobinuka kama kibuyu kilichopasuliwa, na wahamiaji wa mwishoni mwa karne ya 19 wakaieneza katika miji ya Marekani. Fundi Orville Gibson wa Kalamazoo, Michigan, ndiye aliyeuacha mgongo huo wa kibuyu akachonga mbao za mbele na za nyuma kwa mfano wa fidla, na kampuni yenye jina lake ikaanzishwa mwaka 1902, wakati okestra za mandolini zilipokuwa burudani ya heshima mijini. Lloyd Loar, aliyeifanyia kazi kampuni hiyo kuanzia 1919 hadi 1924, alisimamia kutolewa kwa aina ya F-5 mwaka 1922, yenye matundu mawili ya sauti yaliyochongwa kwa umbo la herufi f; lakini kufikia wakati huo okestra zilikuwa zimekwisha kupoteza mvuto, na ala bora kuliko zote za aina yake ikatoka kiwandani ilhali waliotarajiwa kuinunua wanazidi kupungua.

Jambo moja katika ala hii lilikuwa na uzito kuliko mengine yote. Mandolini ina nyuzi nane zilizopangwa katika jozi nne, na jozi hizo hurekebishwa kwa sauti za G, D, A na E, sawasawa na nyuzi nne za fidla, ala ileile inayosikika katika vikundi vya taarabu vya Zanzibar. Kwa sababu hiyo, kila kilichotungwa kwa ajili ya vidole vya mpiga fidla kinaangukia mahali pake kwenye shingo ya mandolini bila kuhamishwa, tofauti ikiwa kwamba mandolini ina freti, yaani vijiti vyembamba vya chuma vinavyokata shingo, na kwamba mkono wa kulia hucharaza kwa kipande kidogo kigumu badala ya kuvuta upinde. Hazina ya fidla iliyokusanywa kwa karne mbili ikawa, kwa ajali ya nyuzi tu, hazina ya mandolini.

Hazina hiyo ilikuwa ya ngoma. Soldier's Joy ilikuwa ikipigwa Scotland na Uingereza tangu karne ya 18. Leather Britches ni mtoto wa lahani ya Kiskoti iliyoitwa Lord MacDonald's Reel. Angeline the Baker imetokana na wimbo ambao Stephen Foster aliutoa mwaka 1850. Wahamiaji kutoka Scotland na Ireland walizileta nyingi, lakini waliozipiga kwenye ngoma za Kusini hawakuwa wao peke yao, kwani katika enzi ya utumwa wapiga fidla wengi waliotegemewa na wachezaji walikuwa Waafrika waliotumikishwa, na banjo, ambayo baadaye ikawa alama ya blugrasi, ina asili yake katika ala za Afrika Magharibi. Umbo la lahani hizi liliamriwa na miguu: sehemu mbili, kila moja ikichukua mapigo 16 na kurudiwa, ili mzunguko mzima utimize mapigo 64 na wachezaji wajue bila kuambiwa ni wapi pa kugeuka.

Soldier's Joy ikitazamwa kwa karibu inaonyesha kwa nini ilidumu. Katika ufunguo wa D, yaani pale ambapo sauti ya D ndiyo makao ambamo lahani hutua, mwanzo wake hushuka na kupanda juu ya sauti tatu za akodi moja, akodi ikiwa ni mkusanyiko wa sauti zinazopatana. Mwanagenzi hupiga uzi wa A ukiwa wazi, akabana uzi wa D kwenye freti ya nne, kisha akauacha nao ulie wazi, na kurudi alikotoka. Kidole kimoja tu ndicho kinachofanya kazi katika mkono wa kushoto, huku mkono wa kulia ukijifunza kwenda chini na juu bila kukatiza. Lahani iliyo rahisi hivi kwa mikono, na iliyojaa hivi kwa masikio, haihitaji mwalimu wa kuitetea. Mpiga fidla Eck Robertson alipoirekodi Sally Goodin huko New York mwaka 1922, akiigeuzageuza kila mzunguko bila kuipoteza, alithibitisha pia kwamba ngoma hizo zingeweza kusikilizwa na mtu aliyeketi.

Bill Monroe alizaliwa tarehe 13 Septemba 1911 karibu na kijiji cha Rosine, Kentucky, akiwa kitinda mimba wa watoto wanane, na mandolini ilimwangukia kwa sababu kaka zake walikuwa wamekwisha kuchukua fidla na gitaa. Walimtaka hata afunge nyuzi nne badala ya nane ili asiwazidi kwa sauti. Mama yake alifariki wakati Monroe ana umri wa miaka kumi, baba yake akafuata mwaka 1928, naye akaenda kuishi na mjomba wake, Pendleton Vandiver, mpiga fidla wa ngoma za vijijini aliyekuwa akitembea kwa magongo. Kijana huyo alimsindikiza mjomba kwa gitaa usiku baada ya usiku, na hapo ndipo lahani zilipomwingia pamoja na kitu kilicho kigumu zaidi kukieleza, yaani kipimo cha mwendo kinachomfanya mchezaji ashindwe kuketi.

Katika eneo hilohilo la Rosine Monroe alipiga kwenye ngoma pamoja na Arnold Shultz, Mmarekani mweusi aliyekuwa mchimbaji wa makaa ya mawe na fundi wa gitaa na fidla. Kutoka kwake alipata bluzi, muziki wa watu weusi wa Kusini ambao hupenda kuzishusha sauti fulani kidogo kuliko zinavyotarajiwa, na Monroe mwenyewe alikiri deni hilo hadharani katika maisha yake yote. Shultz alifariki mwaka 1931 bila kurekodiwa hata mara moja. Kwa hiyo hakuna lahani inayobeba jina lake katika orodha za wanagenzi, na huo ndio upungufu mkubwa kuliko wote wa orodha hizo, kwa kuwa mtu anayezifuata hadi mwisho anaweza kudhani kwamba blugrasi ni mtoto wa Scotland peke yake.

Monroe aliingia katika kipindi cha redio cha Grand Ole Opry, Nashville, mwaka 1939, na mwaka uliofuata akarekodi Tennessee Blues, lahani yake ya kwanza ya ala tupu, ambayo jina lake pekee linatosha kutaja deni la bluzi. Katika miaka ya 1940 alinunua kwenye duka la kinyozi huko Miami mandolini ya F-5 yenye sahihi ya Loar ya tarehe 9 Julai 1923, na mwishoni mwa 1945 kijana Earl Scruggs alipojiunga na kundi na banjo yake ya vidole vitatu, umbo la blugrasi likakamilika. Kwa kuwa kundi hilo halikuwa na ngoma, mandolini ikatwikwa kazi ya kutunza mdundo: mpigaji hubana akodi nzima, huipiga kwenye pigo dhaifu, kisha hulegeza vidole papo hapo ili sauti ife na kibaki kishindo kikavu. Mwanagenzi anayejua lahani 50 bila kukiweza kishindo hicho bado hajawa mpigaji wa blugrasi, kwani katika wimbo wowote muda anaotumia kuwashikia wenzake mwendo ni mrefu kuliko ule anaotangulia mbele.

Kuanzia hapo Monroe akawa chemchemi ya pili ya orodha. Alirekodi Blue Grass Breakdown mwaka 1947, Raw Hide mwaka 1951, Roanoke na Wheel Hoss mwaka 1954, Big Mon mwaka 1958. Raw Hide ni mtihani wa mkono wa kulia, mbio isiyo na mahali pa kupumua, na wengi huikimbilia mapema mno. Roanoke, iliyorekodiwa kwa fidla mbili, ina faida zaidi kwa anayejifunza, kwa sababu ndani yake ngoma ya zamani na utungaji mpya vinasikika vikishikana mikono. Mwaka 1972 alitoa albamu nzima ya lahani za mjomba wake, ambazo pengine zingezikwa na wazee wa Rosine, na katika miaka hiyohiyo ya 1970 akatunga Jerusalem Ridge, iliyopewa jina la kilima kilicho karibu na nyumba aliyokulia, yenye sehemu nne badala ya mbili na huzuni ambayo ngoma za kale hazikuithubutu.

Chemchemi ya tatu ilikuwa duara la wapigaji wanaokutana kupiga pamoja. Carlton Haney alipoandaa tamasha la siku kadhaa huko Fincastle, Virginia, mwaka 1965, na Monroe akaanzisha lake huko Bean Blossom, Indiana, mwaka 1967, wapigaji wa ridhaa walianza kukutana kando ya magari yao na kupiga pamoja bila kufahamiana, na swali likabadilika: badala ya kuuliza ni lahani ipi iliyo bora, waliuliza ni ipi ambayo kila mmoja anaijua. Salt Creek ilienea baada ya Bill Keith kuipiga kwa banjo sauti kwa sauti katika kundi la Monroe mwaka 1963. Kutoka Kanada zikaingia St. Anne's Reel na Whiskey Before Breakfast. Kitabu cha Jack Tottle cha mwaka 1975 kuhusu mandolini ya blugrasi kiliwafikia wale walioishi mbali na duara lolote. Kwa upande mwingine, New Camptown Races ya Frank Wakefield, mojawapo ya tungo nzuri kuliko zote za ala hii, ilibaki pembeni kwa kiasi fulani kwa sababu ufunguo wake wa B iliyoshushwa nusu hatua hauwaachii wapigaji nyuzi nyingi za wazi za kuegemea. Duara huzawadia kinachoshirikiwa, na kwa kufanya hivyo huweza kuliacha nje lililo zuri.

Kwa mwenye muda wa lahani tano tu, hukumu inayolingana na historia hii ni kuanza na Soldier's Joy kwa ajili ya mkono, Old Joe Clark kwa ajili ya sauti yake ya saba iliyoshushwa, inayozoeza sikio njia isiyo ya kawaida, Sally Goodin kwa ajili ya kugeuzageuza, kisha Tennessee Blues ili bluzi isisahauliwe, na Jerusalem Ridge baada ya hizo zote. Na kila mojawapo iwe imesikilizwa kwanza kwa wapiga fidla, hasa Kenny Baker, ambaye albamu yake ya mwaka 1976 ya tungo za Monroe ilirekodiwa Monroe mwenyewe akiwa kwenye mandolini.